Radio ya Jirani

Mwezi uliopita nilisema tutaendelea na mambo ya mahari. Munisamehe, mahari itangoja. Vijana wamenikata njia.

Ilikuwa siku ya posho, saa kumi ya mchana, mazoezi ya kwaya yamekwisha. Vijana wane wakabaki nyuma, wanasukumana nani aseme kwanza. Nikajua ni jambo la feza.

– Papa Pasta, tunataka kufungua radio.

Nikacheka. Niliwaza antene, niliwaza emetere, ile mashini inayorusha sauti, niliwaza karatasi za Leta na feza ya kulipia zile karatasi.

– Hapana, Papa Pasta. Bila antene. Ku intaneti. Tuko na telefone mbili za muzuri, tuko na ordinatere ya yaya, na bandugu yetu ba Kitwe banaanza tayari yao. Bao batatuma yao, sisi tutatuma yetu. Tunakosa tena nini?

Munajua Kitwe. Ni ngambo ya Kasumbalesa, ni muji wa shaba kama wetu, na familia nyingi za hapa ziko na mutu kule. Nilikuwa tayari kujibu kama wazazi wote wanavyojibu, kwamba wamalize masomo kwanza. Lakini shemasi wetu mumoja alikuwa pale anapanga viti. Yeye mutu wa biashara, na mwaka 2015 alikuwa anakaa Uvira, Kivu ya Kusini, kwa kazi ya kuuza vitenge. Akabaki na kiti mukononi akasema: «Pasta, usicheke. Mimi nilijionea inchi nzima inabaki na radio ya namna ile.»

Ile inchi ni Burundi. Tulikaa sisi sita mpaka giza, na nyumbani waliponiuliza nilikuwa wapi, nilikosa jibu fupi. Basi ninawaelezea ninyi habari yenyewe, kisha nitawajibu wale vijana wane.

Uvira na Bujumbura zinaangaliana kichwani mwa ziwa Tanganyika. Usiku ukisimama upande wetu unaona mataa ya upande wao. Radio za Bujumbura zinasikika Uvira kama za nyumbani, na watu wa Uvira walizoea kuzifuata, kwa sababu soko ni moja na ndoa zinavuka mupaka kila siku. Kulikuwa RPA, iliyoanza mwaka 2001, na watu waliiita radio ya wasio na sauti. Kulikuwa Isanganiro, tangu 2002, jina lake ni mahali watu wanapokutana. Kulikuwa Bonesha, maana yake kuangaza, na Renaissance, na Rema FM iliyokuwa upande wa chama cha utawala. Kwa inchi ndogo, hizo zote ni nyingi. Warundi walizipenda sana. Mwanzo wa 2015 mukubwa wa RPA, Bob Rugurika, alifungwa karibu mwezi muzima juu ya habari radio yake ilizotangaza kuhusu kuuawa kwa masista watatu Waitalia wa Kamenge. Siku alipotoka, watu walijaa barabarani kumupokea kama vile munapokea timu iliyoleta kombe.

Sasa musikie namna radio zinavyokufa. Mwezi wa Aprili 2015 rais Pierre Nkurunziza aliteuliwa na chama chake kwa muhula wa tatu, na watu wakaingia barabarani kukataa. Kwanza serikali ilizuia radio tatu zisisikike inje ya muji mukubwa. Kisha RPA ikafungwa. Mwisho wa mwezi WhatsApp na Facebook zikakatwa ku telefone. Tarehe 13 Mei wanajeshi wengine wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Katika zile siku mbili, tarehe 13 na 14, radio tano zikashambuliwa, nyingine zikachomwa. Wenye kupinga serikali walishambulia Rema, na wale wengine zikashambuliwa nyumba zao na watu wenye silaha. Munaona? Kila upande ulifikiri kwamba ukivunja mashini ya mwingine, mwingine atanyamaza. Asubuhi Mrundi aliwasha poste yake na alisikia radio ya serikali tu.

Waandishi wa habari wakakimbia kwa makumi, wengi wakaingia Kigali. Raia nao wakakimbia. Miaka miwili kisha, wakimbizi walipita 400,000: wengi Tanzania, kule Nyarugusu na Nduta, wengine Mahama ya Rwanda, wengine Nakivale ya Uganda, na wengine kwetu, Lusenda ya Fizi. Mutu mwenye kukaa kambini anataka kwanza chakula, kweli, lakini kitu cha pili anachotaka ni habari ya kijiji chake. Nani alibaki? Ile barabara inapitika? Nirudi ama nisirudi? Ukimunyima habari, atachukua uongo wa kwanza unaopita mbele ya hema lake.

Hapo ndipo radio ya intaneti ilizaliwa, na haikuzaliwa kwa utajiri. Waandishi wa radio zilizofungwa, wale waliokuwa jana washindani wa kutafuta wasikilizaji, walikaa meza moja Kigali. Wakaanza radio waliyoiita Inzamba, maana yake tarumbeta. RPA nayo ikaanza tena kutoka kule. Ndani ya Burundi yenyewe kukabaki waandishi wengine waliojificha, wakaunda SOS Médias Burundi, wakatuma habari kwa Facebook na kwa sauti za ku intaneti.

Vijana, musikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Mutu mumoja yuko ndani, tuseme Ngozi ama Bururi. Anaona jambo, anarekodi kwa telefone yake, anatuma kwa WhatsApp, kisha anafuta. Mwenzake Kigali anapokea. Hatangazi. Anapigia mutu wa pili wa ile ile kata, kisha wa tatu kama anamupata. Wakipatana, ndipo anasoma habari kwa Kirundi ama Kifaransa, anaichanga na zingine, anapandisha kipindi kizima ku SoundCloud, ile gala ya sauti ya ku intaneti ambamo kila mutu anaweza kuingia kusikiliza. Kiungo kinatumwa katika makundi ya WhatsApp: Bujumbura, Nairobi, Bruxelles, kambini. Shemasi wetu anasema Uvira kijana mumoja alikuwa ananunua mega, anashusha kipindi, na wengine kumi wanakigawana kwa Bluetooth bila kulipa kitu. Mama wa soko walisikiliza telefone imewekwa ndani ya kikombe cha bati ili sauti iongezeke. Na wale waliokuwa wanarudi Bujumbura walikifuta mbele ya kufika mupakani, kwa maana telefone ingeweza kufunguliwa.

Ndiyo maana ninasema radio ya intaneti haiko radio moja. Wa Ngozi bila wa Kigali ni mutu anayenongoneza ndani ya shuka yake. Wa Kigali bila wa Ngozi ni mutu anayeota ndoto juu ya inchi aliyoiacha. Kile kijana cha Bluetooth ni sehemu ya radio vilevile, ingawa hakuna aliyemulipa.

Juu ya mega, tufanye hesabu kidogo, ninyi munaopenda hesabu. Kipindi cha nusu saa, ukikibana sana mpaka kilobiti 32 kwa sekunde, ni kama mega 7. Saa moja ni mega 14 na kitu. Si nyingi. Lakini kwa radio ya FM, ukirusha sauti mara moja, wasikilizaji wakiwa kumi ama elfu kumi bei ni ile ile, na mama mwenye kaposte ka batri mbili hatoi hata franka moja. Ku intaneti kila mutu anavuta maji yake mwenyewe kwa ndoo yake mwenyewe, na kila mutu analipa ndoo. Watu elfu wakisikiliza saa moja, ni mega zaidi ya 14,000 zimelipwa, na wanaolipa ni maskini. Kwa hiyo radio zenye akili hazitumii intaneti kufikia nyumba ya mwisho. Wanatumia intaneti kama bomba kati ya radio na radio: hii inatuma kipindi, ile ingine inakishusha mara moja tu, kisha inakirusha kwa FM kwa muji wote.

Ndivyo Uvira walivyofanya. Mwaka ule ule wa 2015 radio moja ya kule, radio ya upande wetu yenye emetere yake, ilianza kurusha vipindi vya RPA vilivyotoka ku uhamisho. Mulima hauzuii, ziwa halizuii. Bujumbura wakasikia tena kwa poste zao sauti walizozijua. Shemasi anasema siku za kwanza watu walisimama mbele ya maduka wakisikiliza majina ya watangazaji kama mutu anayesikia kwamba ndugu yake hakufa. Haikudumu. Mbele ya mwaka kwisha wakubwa wa upande wetu walisimamisha ile kazi. Serikali mbili zilikuwa na mapatano yao, na radio ndogo haina mupango wa kupigana na serikali mbili.

Muniulize kama wale wa Uvira walifanya vizuri. Mimi nilijiuliza usiku ule. Walihatarisha mashini yao na wasikilizaji wao wenyewe kwa habari ya jirani. Sijui kama mimi ningetoa ruhusa. Lakini najua kwamba mutu akibisha mulango usiku akilia, hauanzi kumuuliza kwanza kama umeme wako utakatwa.

Ninyi wasomaji wa mahali pa shaba na kobalti, mutafurahi kusikia kwamba ile desturi ya radio kusaidiana haikuzaliwa na telefone. Waliianza wachimbaji. Kule Bolivia, Amerika ya Kusini, tangu miaka ya 1940 na 1950 wachimbaji wa bati walikuwa na radio zao, walizozilipia kwa kukata sehemu ya mushahara wao. Hata mapadri walikuwa nayo, Radio Pío XII ya kule Siglo XX, tangu 1959. Julai 1980 jenerali Luis García Meza alipokamata utawala kwa nguvu, radio za muji mukubwa zilinyamazishwa siku ile ile. Zile za migodini zikashikana munyororo: moja inasema, ingine inaipokea na kuirudia, na jeshi likiingia mugodi wa kwanza, mugodi wa pili unaendelea na kuwaambia watu askari wamefika wapi. Iliendelea siku nyingi mpaka ya mwisho, Radio Animas, ilipokamatwa nayo. Mimi mutoto wa muchimbaji, nilipojua ile habari niliirudilia kwa baba yangu muzee. Akauliza tu: «Na mushahara walikata ngapi?» Ndiyo ulizo la muchimbaji wa kweli.

Lakini munyororo unapitisha kila kitu. Unapitisha maji na unapitisha sumu. Na sisi wa eneo hili hatuna ruhusa ya kusahau. Julai 1993 Kigali ilianza radio moja, RTLM, muziki wake muzuri, watangazaji wake wanachekesha. Katika mauaji ya 1994 ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wake wawili, pamoja na mwenye gazeti moja. Sauti iliweza kuua kuliko panga, kwa sababu iliongoza panga. Na kutoka ile damu kukatoka radio za namna ingine. Agosti 1994 Bukavu ilianza Radio Agatashya, maana yake kambayuwayu, iliyosema na wakimbizi wa Rwanda waliojaa kwetu, ikawaambia habari isiyo ya chama; vita ya 1996 iliizima. Burundi nayo ikapata mwaka 1995 Studio Ijambo, na ile Studio ilikuwa na desturi moja ninayoipenda kuliko mashini zote: walikuwa wanatuma repotaji watu wawili pamoja, Muhutu na Mututsi. Anachokisikia mumoja, mwenzake amekisikia. Ukitaka kuongeza chumvi, yuko mutu pembeni yako anayejua chakula kilikuwa namna gani. Baadaye kukakuja kipindi cha vijana, Génération Grands Lacs, kilichorushwa na radio za Burundi, Rwanda na Kongo pamoja, na kijana wa Bukavu alimuuliza kijana wa Kigali maulizo ambayo wazazi wao hawakuthubutu kuulizana.

Wale wa Kigali wa 2015 wengi wao walijifunzia kazi katika ile desturi. Ndiyo iliyowafundisha kumupigia mutu wa pili na wa tatu. Sisemi kwamba kila neno walilosema lilikuwa sawa. Mutu aliyefukuzwa kwake anasema kwa moto, na moto kutoka mbali hauchomi yule anayeuwasha, unachoma wale waliobaki. Lakini walijua ile hatari, na kujua ni nusu ya kuzuia.

Mimi, kwa aibu yangu, sikujua.

Ninawaambia jambo ambalo watu wa kanisa yangu wanalijua tayari. Miaka miwili imepita, usiku wa siku ya tano, niliingiziwa sauti moja ku telefone. Mwanaume analia kwa Kiswahili chetu hiki hiki: karieri imeporomoka, vijana wako chini, watu walete majembe. Alitaja karieri yenye jina kama la ile iliyo karibu na sisi. Iliandikwa juu yake kwamba imetumwa mara nyingi, na mimi niliona hiyo ni ushuhuda: wengi wameituma, basi ni kweli. Nikaituma katika kundi la kanisa, watu karibu mia mbili, na nikaandika chini yake «tuombe». Mbele ya dakika kumi kuisha mama watatu walikuwa barabarani, mumoja bila viatu, mutoto mugongoni, kilometa saba katika giza. Watoto wao walikuwa wanalala ku mahema, wazima. Ile sauti ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya karieri ingine, mbali kabisa, na ya mwaka mwingine. Mutu mumoja aliilia kweli siku ile, na mimi nikatumia machozi yake kutisha mama wengine.

Siku ya Mungu niliomba musamaha mbele ya wote. Baada ya ibada yule mama aliyekwenda bila viatu alinikaribia. Hakukasirika. Aliuliza tu: «Pasta, ile sauti, ulijua ni ya nani?»

Sikujua. Sikujua ni ya nani, ilitoka wapi, ilirekodiwa lini. Mimi muchungaji, mutu wa Shule ya Biblia, ninayefundisha vijana kupima roho, nilikuwa RTLM ndogo kwa dakika kumi. Munaona neno lile ni kali, na ninaliacha hapa kwa makusudi.

Turudi Kigali, kwa maana habari haikuisha vizuri kama munavyopenda. Februari 2016 Bujumbura iliruhusu Isanganiro na Rema FM zifunguliwe tena, kwa masharti waliyotia sahihi. Bonesha ilingoja mpaka Februari 2021. Kisha Machi 2021, Rwanda na Burundi zilipoanza kupatana tena, Kigali iliwaambia RPA, Inzamba na Renaissance waache kutangaza kutoka udongo wake. Watu walifurahi kwamba serikali mbili zinasalimiana. Wale waandishi walikusanya tena mizigo. Ndiyo maisha ya mugeni. Nyumba ya jirani inakupokea siku ya mvua, lakini ufunguo hauko mfukoni mwako. Radio inayotegemea jirani mumoja imekopa paa moja. Wale waliokuwa na watu pahali pengi, Bruxelles, Nairobi, Kampala, ndani ya inchi yenyewe, waliteswa kidogo zaidi, kwa maana kazi iliweza kuhama bila kufa. Sauti zenyewe walikuwa wamezihifadhi ku intaneti na si katika chumba kimoja cha Kigali, basi hakuna aliyeweza kuzichoma kama zilivyochomwa zile kaseti za 2015.

Basi ninyi vijana wane. Najua munasoma, kwa sababu mumoja wenu anauza gazeti hili mulangoni mwa kanisa.

Ninakubali. Chumba cha nyuma ya ofisi kiko chenu siku ya posho na siku ya tatu, na umeme ukiwepo. Lakini kuna mambo. Kwanza sheria: ile sheria ya habari ya Machi 2023 inahesabu vyombo vya ku intaneti pia, basi musifikiri kwamba kukosa antene ni kukosa baba. Tutakwenda pamoja kuuliza karatasi gani inatakiwa, na mutavaa mashati safi. Pili, saa. Kitwe na sisi saa ni moja, hapo hamuna shida. Lakini ndugu yenu wa Dar-es-Salaam yuko mbele kwa saa moja, na yule wa Kinshasa nyuma kwa saa moja. Mukipanga kipindi cha pamoja muandike saa ya kila muji, la sivyo mutakuwa munasalimia watu wanaolala. Juu ya luga: Kitwe watasema Kibemba, sisi Kiswahili. Musitafsiri kila neno, itakuwa kama darasa. Mutu aseme kwa luga yake, mwenzake aseme kwa ufupi alichosikia, na muendelee.

Musitume sauti ya moja kwa moja, ya masaa, inayokula mega za watu. Mufanye kipindi cha dakika 20, mukibane, mukitume kwa Kitwe usiku wakati bei iko chini, na Kitwe watume chao. Kisha muombe radio moja ya FM ya hapa ikirushe mara moja kwa juma. Wakikataa, mutafute ingine. Wale wenye emetere mara nyingi wanakosa vipindi kuliko vile munafikiri. Usiku wanarudilia nyimbo zile zile tu.

Na juu ya habari: karieri, magonjwa, bei ya unga, mupaka kufungwa, yote hiyo ni habari inayotembeza mama bila viatu. Hapo nimekataa kabisa kipindi kisianze mpaka munipe kwenye karatasi majina ya watu wenu, upande huu na upande ule, wawili kwa kila pahali, wasiokuwa wa nyumba moja. Watu ambao munaweza kuwapigia usiku wa manane na kuuliza: umeona mwenyewe?

Walikuja tena juma iliyofuata na kayee ka shule. Upande wa kushoto Kitwe, majina mawili. Kasumbalesa, majina mawili, mumoja ni mwanamuke anayebadilisha feza pale mupakani, anayejua habari mbele ya wote. Upande wa kuume sisi wenyewe: jina moja, na chini yake jina la pili limefutwa kwa kalamu nyekundu. Nikauliza kwa nini wamelifuta.

– Yule anasemaka mingi, Papa Pasta. Tulimuuliza habari ya juma iliyopita, akatupa ya mwaka ingine.

Nikawaambia waendelee kutafuta. Ufunguo wa chumba niliwapa.